Mtoto Anasahau Anachofundishwa: Namna ya Kutafuta Metali Zenye Sumu Katika Siku Yake

Mzazi akija shuleni kuniuliza kwa nini alama za mtoto zimeporomoka, simwonyeshi daftari kwanza. Namuuliza maji wanachota wapi, sufuria ya maharage waliinunua kwa nani, na mtoto akitoka shule hupita wapi kabla ya kufika nyumbani. Wengi hunitazama kana kwamba wamekosea ofisi. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Kigoma, nafundisha kidato cha pili na cha tatu, wanafunzi wananiita Madamu, na maswali hayo nayauliza kwa sababu: zipo metali zinazotuzunguka ambazo zikiingia mwilini huenda kugusa ubongo, na ubongo ulio katika kujifunza ndio unaoumia zaidi.

Nitaeleza namna mzazi, mlezi au mwalimu mwenzangu anavyoweza kuzitafuta mwenyewe kwa kijana wa miaka 12 hadi 18. Umri huu husahaulika. Elimu ya sumu hizi ikitolewa hulenga wajawazito na watoto wachanga, na ni sawa, maana wao ndio huumia zaidi. Ila kijana wa kidato cha pili ndiye anayevunja betri kwa mikono yake, na binti wa umri huo ndiye anayepaka mkorogo wa kujichubua kwa siri.

Unatafuta nini

Risasi, iliyomo kwenye betri za gari na za sola, kwenye baadhi ya rangi za mafuta na kwenye sufuria zilizotengenezwa kwa skrepa. Zebaki, inayokamatia dhahabu na inayotiwa kwenye baadhi ya sabuni na krimu za kujichubua. Manganizi, inayopatikana kwenye maji ya baadhi ya visima na kwenye moshi wa kuchomelea. Ipo arseniki pia, hasa kwenye maji ya ardhini na miamba yenye dhahabu, na kadimiamu, ambayo mmea wa tumbaku huivuta kutoka ardhini hadi kwenye majani, hivyo mvuta sigara na anayekaa naye chumbani wote wanaipata.

Nitakaa sana kwenye risasi, kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo zaidi na ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Mwili huidhania kuwa ni kalisi. Huipokea utumboni, huipitisha kwenye damu, na kule kwenye ubongo huingilia pale seli moja ya neva inapompa habari mwenzake, mahali ambapo kumbukumbu hutengenezwa. Damuni nusu yake hupungua kwa muda wa kama mwezi mmoja, lakini inayoingia kwenye mifupa hukaa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kwamba mtoto 1 kati ya 3 duniani, hadi watoto milioni 800, ana risasi ya mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita ya damu, na wengi wao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu.

Kwa kijana, sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga, kuzuia hasira na kushika maagizo mawili kwa wakati mmoja, bado inajengwa mpaka apite miaka 20. Ndiyo maana athari kwa umri huu haionekani kama ugonjwa. Mtoto hadondoki. Anasoma ukurasa akifika chini amesahau wa juu, anaanza hesabu vizuri anapotelea katikati, anagombana kwa jambo dogo.

Hapo hapo nikuonye. Dalili hizo hizo huletwa na macho mabovu, malaria, njaa, upungufu wa damu na msiba nyumbani. Kijana aliyekesha kwenye mtumbwi wa dagaa akisinzia kipindi cha kwanza, anachohitaji ni usingizi. Kwa hiyo mpime macho kwanza, mpime malaria, uliza amekula nini asubuhi. Sumu ya metali haitambuliki kwa kumtazama mtu usoni, na anayekuambia anaiona kwenye kucha au kwenye mboni ya jicho anatafuta hela yako.

Mvulana na msichana hawapiti njia moja

Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Huko Cincinnati, Marekani, walifuatilia watoto waliozaliwa kati ya 1979 na 1984 tangu tumboni. Walipopigwa picha za ubongo wakiwa watu wazima, waliokuwa na risasi nyingi utotoni walionekana kupungukiwa na sehemu ya mbele ya ubongo, na upungufu ulionekana zaidi kwa wanaume. Port Pirie, mji wa Australia wenye kiwanda cha kuyeyusha risasi, matokeo yalielemea upande wa pili: kwenye vipimo vya akili wasichana ndio walioonekana kuathirika zaidi. Na kaskazini mwa Italia, mkoani Brescia, ambako viwanda vya aloi za chuma vilitoa vumbi la manganizi kwa miaka mingi, watafiti waliwapima vijana wa miaka 10 hadi 14, wakachunguza hata meno yao ya utotoni ili wajue metali iliingia lini. Huko nako wavulana na wasichana hawakufanana, na umri ambao metali iliingia ulikuwa na uzito wake.

Kwa hiyo anayesema hili ni tatizo la wavulana mkatalie, na anayesema mabinti ndio dhaifu mkatalie pia. Kitu kimoja kuhusu mabinti hakina utata. Akishavunja ungo hupoteza damu kila mwezi, na asipokula vya kuirudisha chuma hupungua mwilini. Utumbo wenye njaa ya chuma hufungua milango yote, na risasi, manganizi na kadimiamu hupita kwenye milango ile ile. Risasi anayoila leo binti mwenye upungufu wa damu inabaki zaidi kuliko ya kaka yake. Sehemu yake itakaa mifupani, na siku atakapobeba mimba mifupa itaachia kalisi kwa ajili ya mtoto, na risasi itatoka pamoja nayo.

Halafu kuna maisha yenyewe. Nyumba moja, mama mmoja, sahani moja, lakini kijana wa kiume yuko gereji na dada yake yuko jikoni. Ukitafuta chanzo kimoja cha wote wawili utakosa cha kila mmoja.

Andika siku yake, saa kwa saa

Chukua karatasi. Usiulize "unafanya kazi wapi?" kwa sababu jibu litakuwa "sifanyi kazi." Fuata hela au fuata mikono. Kijana wangu mmoja wa kidato cha tatu nilimwanza hivi:

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Madamu."

"Viatu vizuri. Kakununulia nani?"

"Nimejinunulia."

"Kwa kazi gani, mwanangu?"

Akatazama chini. "Tunayeyushaga risasi za nyavu, pale uani kwa kaka."

Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Kwa binti swali ni jingine, na mwulizaji awe mwanamke: unapaka nini usoni, unatafuna nini njiani, hedhi ikiingia huchukua siku ngapi. Usimwulize mbele ya baba yake wala mbele ya kaka zake.

Andika pia usiku na likizo. Likizo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Wapo vijana wanaofunga shule Juni wanapanda gari kwenda machimbo ya dhahabu upande wa Kakonko, au wanavuka kwenda Nzega kwa ndugu, wakirudi Julai wana hela kidogo na mikono inayotetemeka.

Betri na chubwi

Huu ndio mlango mkubwa kwa wavulana wa mwambao. Nyavu zinahitaji uzito wa kuzizamisha, na chubwi za dukani zina bei. Betri mbovu ya gari au ya sola ipo kila mtaa. Basi vijana hukaa uani, mara nyingi siku za mbalamwezi ambapo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani kwa sababu taa hazivuti samaki. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi 3 kuanzia katikati ya Mei, kazi hii ilishamiri: kila mtu alikuwa anatengeneza nyavu.

Nimesimama pembeni nikatazama. Gamba la betri linapasuliwa kwa kichwa cha shoka. Maji ya betri yanamwagwa chini, pale pale kuku wanapodonoa. Sahani zinatolewa kwa mkono, zinagongwa gongwa ili unga wa kijivu udondoke, na unga huo umejaa risasi. Zinatiwa kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, moto wa jiko la kawaida unatosha. Uchafu wa juu unaenguliwa kwa kijiko, kijiko ambacho jioni nilikiona kwenye beseni la vyombo. Kisha inamiminwa kwenye vijifereji vilivyochimbwa mchangani. Mtoto wa miaka miwili alikuwa amekaa hatua chache akichezea vipande vilivyopoa.

Huyo mdogo ndiye wa kuogopewa kwanza. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Kaka analeta vumbi kwenye suruali, mdogo anamrukia magotini, kisha anatia vidole mdomoni. Haya si mambo ya kukisia. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi kwa sababu mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa kwenye nyua za nyumba. Na Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, watu waliugua kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani yao, wakaenda mahakamani wakashinda.

Sasa ufanye nini? Kumwambia kijana aache tu haitoshi, kwa sababu hela ile ndiyo ya sare na ya nauli.

Betri iuzwe nzima. Mnunuzi wa skrepa atataka umwage maji yake kwanza ili asilipie uzito wa maji; mkatalie, elewaneni bei, lakini gamba lisipasuliwe nyumbani. Betri iliyofungwa na isiyovuja, hata ikiwa mbovu, haimpi risasi mtu akiibeba. Wavuvi nao kikundi kimoja kinaweza kununua chubwi kwa jumla, au kurudi kwenye mawe yaliyotobolewa na vifuko vya mchanga kama walivyofanya wazee kwa nyavu ndogo.

Kama ana kazi kwenye karakana ya betri au gereji na hawezi kuiacha leo, basi: ale kabla ya kwenda, maana tumbo tupu hufyonza risasi zaidi. Asile wala asivute sigara akiwa kazini. Akimaliza anawe kwa maji na sabuni mpaka kwenye viwiko, avue nguo na ndala huko huko, aziweke kwenye mfuko, zifuliwe peke yake kwenye beseni lake. Nywele zioshwe kabla ya kulala. Kuchomelea kuna shida yake pia, ule moshi una manganizi. Afanyie nje, asimame upande upepo unakotoka, na kichwa chake kisiwe juu ya moshi.

Uani pale palipoyeyushiwa, usifagie kwa fagio la chelewa. Unarusha unga hewani. Mwagia maji kwanza. Sakafu ya ndani piga deki kwa kitambaa kibichi, kila mara, na maji hayo yasimwagwe bustanini kwenye mchicha. Udongo uliochanganyika na unga ule ufunikwe kwa zege au kwa udongo mwingine mnene ulioshindiliwa, na watoto wahamishiwe mchezo wao upande mwingine.

Mkorogo, wanja na udongo

Kwa mabinti mahali pangu pa kwanza pa kutafuta ni kipochi cha vipodozi. Krimu na sabuni za kujichubua zinazotiwa zebaki hufanya kazi haraka, na ndiyo sifa yake sokoni. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, kisha hupenya, huharibu figo na kugusa mishipa ya fahamu. Haimwishii anayepaka: hubaki kwenye taulo na kwenye mto, na anayelala naye anavuta mvuke wake.

Soma karatasi ya nje. Ukiona herufi Hg, neno lolote linaloanza na mercur, au calomel, weka kando. Ipo alama nyingine ambayo wengi hawaijui: maelekezo yanayomwambia mtu avue pete na hereni za dhahabu au fedha kabla ya kupaka. Zebaki hula dhahabu, ndiyo maana wachimbaji wanaitumia. Krimu isiyo na maelezo kabisa, iliyokorogwa na kupakiwa kwenye kopo la mafuta mengine, ihesabu kuwa ina zebaki mpaka ithibitike vinginevyo. Ukiipata usiitupe chooni wala kuichoma. Ifunge kwenye mfuko na mfuko mwingine juu yake, uwapelekee afisa afya wa kata au watu wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vipodozi.

Wanja wa kienyeji nao uangaliwe. Mawe mengine meusi yanayosagwa kuwa wanja ni risasi na salfa. Penseli ya dukani yenye nembo ya viwango inatosha kwa binti anayependa macho yake yaonekane.

Udongo wa kula ndio ugomvi wangu mkubwa na akina mama. Mama mmoja wa Ujiji, mkubwa kwangu, alikuja kwa ajili ya binti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Huyu mtoto kichwa chake kizito tu, tumeshazoea."

"Mama, anakula udongo?"

"Nani asiyekula? Hata mimi ninao hapa kwenye mkoba." Akautoa, vipande vya kijivu vilivyofungwa kwenye nailoni, akanikaribisha.

Udongo ule hauna maabara nyuma yake. Hujui umechimbwa wapi, na vipimo vya udongo wa kula, hata kwenye maeneo ya machimbo ya dhahabu hapa Tanzania, vimekuta risasi na arseniki ndani yake. Lakini kumgombeza binti hakusaidii, maana hamu ya udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Mpeleke zahanati apimwe wingi wa damu. Akikutwa imepungua, apewe vidonge vya kuongeza damu na avimalize, na minyoo itibiwe. Wengi hamu huisha yenyewe damu ikirudi. Yule mama alikwenda na bintiye, wote wawili damu ilikuwa chini.

Chakula kinasaidia, maziwa hayaoshi

Mafundi betri wengi wanaamini glasi ya maziwa jioni inaosha sumu ya mchana. Haioshi. Maziwa yana kalisi, na mwili wenye kalisi ya kutosha hupokea risasi pungufu, basi. Iliyokwisha kuingia haitoki kwa maziwa.

Sisi wa Kigoma tuna bahati ya dagaa. Wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo kalisi ipo, na chuma ipo. Na kwa kuwa ni wadogo, zebaki kwao huwa ndogo. Samaki wakubwa wanaokula wenzao ndio hulimbikiza zaidi. Dagaa na maharage, matembele au mchicha, na chungwa au embe juu yake ili chuma kifyonzwe. Chai ya rangi isubiri saa moja hivi baada ya chakula, kwa sababu ikinywewa pamoja na maharage inakizuia chuma.

Sufuria zile nzito za kuyeyushwa mtaani, zinazotengenezwa kwa vipuri vya injini na makopo, ziangalie. Utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu sufuria za namna hiyo nchini Kamerun ulikuta risasi inatoka kwenye sufuria kuingia kwenye chakula. Kama huna nyingine, itumie kwa ugali na maji ya kuoga. Usipikie nyanya nyingi, ndimu wala ukwaju, maana uchachu huvuta metali, na mchuzi usilazwe humo. Usiikwangue kwa mchanga mpaka ing'ae. Ukipata hela ya sufuria moja ya stili, hiyo iwe ya mboga na maharage. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi hakina neno.

Maji

Manganizi hujitangaza. Nguo nyeupe zinapata madoa meusi au ya kahawia, ndoo inashika utando mweusi, maji yanatoka safi kisha yakikaa yanabadilika. Mwili unahitaji manganizi kidogo, lakini ikizidi kwenye maji ya kunywa inahusishwa na kudorora kwa akili ya watoto. Utafiti wa Quebec, Kanada, wa 2011 ulionyesha hivyo kwa watoto wa shule. Mwongozo wa sasa wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.08 kwa lita. Arseniki haijitangazi, haina rangi wala ladha, na mpaka wake ni miligramu 0.01.

Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Metali hubaki, na maji yakipungua kwenye sufuria, metali hizo zinakolea. Dawa ya klorini nayo haiziondoi. Kinachopunguza manganizi ni kuyapa maji hewa na kuyachuja kwenye mchanga, kazi inayofanywa vizuri zaidi kwenye chanzo kuliko kwenye ndoo yako.

Kwa kisima cha kijiji, kamati ya maji iende ofisi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, iombe majibu ya vipimo vya kisima hicho, na waulize waziwazi kama manganizi na arseniki vilipimwa, maana vipimo vingine huishia kwenye chumvi na vijidudu. Kwa walio mjini, ofisi ni KUWASA, mamlaka ya maji ya Kigoma. Sampuli binafsi inaweza kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Omba chupa yao, usitumie chupa ya soda.

Dhahabu nitaisema kwa ufupi. Zebaki ikichomwa ili dhahabu ibaki, mvuke wake hauonekani na hauna harufu, na mbaya zaidi ni kuchomea jikoni. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unaotaka mambo haya yakomeshwe. Kwa kijana wa shule jibu langu ni moja, asiguse zebaki kabisa. Kwa baba yake anayechimba: achomee mbali na makazi, atumie chombo kilichofungwa kinachorudisha zebaki, na karai lake lisirudi jikoni.

Na walimu wenzangu: likizo tunapopaka madawati rangi upya, wanafunzi ndio tunaowapa msasa. Rangi ya mafuta ya zamani, hasa ya njano na nyekundu, inaweza kuwa na risasi. Lowesha kwanza, sugua ikiwa na maji, wanafunzi wasiwepo. Rangi mpya ulizia isiyozidi sehemu 90 za risasi kwa milioni.

Hospitali

Kama karatasi yako imeonyesha betri, dhahabu au mkorogo, nenda ukapime. Anzia zahanati au kituo cha afya, omba rufaa kwenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, na ukifika mwambie daktari chanzo unachokishuku, kwa jina. "Mtoto hasomi" haitamfikisha popote. "Amekuwa akiyeyusha betri tangu mwaka jana" itamfikisha. Risasi hupimwa kwenye damu ya mshipa, zebaki ya mvuke au ya krimu hupimwa zaidi kwenye mkojo. Huenda sampuli ikasafirishwa, uwe na subira.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa damu ikiwa na risasi ya mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi. Marekani wameshuka hadi 3.5. Dawa za kuvuta risasi kutoka mwilini hutolewa kwa viwango vikubwa, kwa kawaida kuanzia 45, na chini ya uangalizi. Dripu za "kusafisha damu" zinazotangazwa mitaani usimpeleke mtoto. Na hata dawa ya kweli haina maana kama anarudi kwenye uani ule ule.

Darasani, wakati risasi inashuka damuni

Kilichoharibika utotoni hakirudi chote, nisikudanganye. Kinachobaki kinafundishika. Mpe agizo moja, akilimaliza mpe la pili. Liandike ubaoni, usiliseme tu. Kazi ya maswali 10 igawe mara mbili. Akae mbele, mbali na dirisha. Somo la jana lirudiwe kwa dakika chache kabla ya la leo. Viboko havimwongezei kumbukumbu. Na jina la tatizo lake lisitajwe mbele ya wenzake, wasije wakamwita Betri, kama walivyoanza kumwita yule wangu mpaka nilipoingilia.

Chanzo kikishaondolewa, damu ipimwe tena baada ya miezi mitatu hivi. Ikiwa sumu haijashuka, chukua ile karatasi uandike siku yake upya, maana kuna mahali anapita ambapo hajakuambia.